Makala Iliyompinga Mhariri

Watu walimwita Mama Kijani, na jina hilo alilipata ukubwani, kwa sababu ya rangi ya ukuta.

Alikuwa mhadhiri katika taasisi ya elimu, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kusoma akiwa amesimama. Alikuwa bado mgeni kazini alipofanya utafiti uliomtangaza. Alichagua shule kadhaa za msingi, akaomba madarasa mengine yapakwe rangi ya kijani na mengine yaachwe na chokaa yake ileile. Mwaka ulipokwisha, watoto wa madarasa ya kijani walikuwa wamewaacha wenzao mbali kwenye hesabu. Utafiti ukachapishwa, redio ikautangaza, walimu wakuu wakausikia. Kabla watu hawajamaliza kuuliza imekuwaje, shule zilikuwa zinapakwa kijani huku na huko. Taasisi yenyewe ikapaka kijani korido zake, geti lake, na hata pipa la taka lililokaa nyuma ya kantini.

Mumewe, fundi wa friji, hakuacha kumtania. "Mke wangu, siku ukigundua faida ya zambarau, utuambie mapema tununue ndoo kabla bei haijapanda."

Miaka ikapita, akakabidhiwa jarida la taasisi awe mhariri mkuu. Ofisi ya jarida ilikuwa ghorofa ya pili: dirisha moja lisilofunga sawasawa, meza mbili zinazotazamana, na printa ambayo haikutoa karatasi mpaka ipigwe kofi ubavuni. Meza ya pili ilikuwa ya mhariri msaidizi, baba wa mapacha, mtu mpole aliyevaa miwani kwenye kamba. Yeye waandishi walimbatiza Nukta, maana aliikata sentensi ndefu bila huruma, hata ikiwa ya profesa.

Utaratibu wao haukuwa na siri. Makala ikifika, jina la mwandishi linaondolewa. Inapelekwa kwa wahakiki wawili wasiomjua mwandishi wala kujuana wao kwa wao. Wakisema inafaa, inachapwa. Wakisema haifai, inarudi kwa mwenyewe na sababu zake. Mama Kijani hakuangalia uso. Shemeji yake, naye mhadhiri, alirudishiwa makala mara mbili, akasusa kukanyaga kwake hadi siku kijana wa kwanza wa Mama Kijani alipooa. Alipokuja harusini alikula vizuri tu, lakini habari za makala hazikuzungumzwa, na hadi leo hazijazungumzwa.

Asubuhi moja alifungua barua pepe za jarida akakuta makala mpya. Mwandishi alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu cha mbali, mwanamke ambaye Mama Kijani hakuwahi kumsikia. Alisoma kichwa cha makala, akasoma muhtasari, halafu akaketi. Nukta akainua macho, kwa sababu hakuzoea kumwona akisoma ameketi.

Mkufunzi yule alikuwa ameurudia utafiti wa rangi ya kijani katika shule nyingine. Na alichokipata ni kwamba rangi haikufanya kitu. Kilichowasaidia watoto, alisema, ni mwanga. Ili kupaka ukuta, mafundi huondoa makabati yaliyoziba madirisha, na mara nyingi makabati hayo hayarudi yalipokuwa. Yeye aliondoa makabati katika baadhi ya madarasa bila kupaka chochote, na mengine akayapaka kijani bila kugusa makabati. Waliosonga mbele ni wale waliopata mwanga.

Mama Kijani hakufika ukurasa wa pili.

"Hii mimi siishiki," alisema. "Nakukabidhi wewe. Wahakiki utawachagua mwenyewe, usiniambie ni nani, wala usinionyeshe walichoandika."

Nukta alisogeza miwani. "Lakini mama, wewe ndiye unayeijua mada hii kuliko mtu yeyote."

"Ndiyo maana. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere."

Alimtumia ile barua, akaifuta kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaendelea na makala nyingine iliyohusu vitabu vya kiada. Nukta anasema siku ile alisahihisha kurasa zile zile tangu asubuhi hadi jioni.

Nyumbani alimwambia mumewe wakiwa wanakunja nguo zilizoanuliwa. Alimweleza yote, makabati na madirisha. Mume alisikiliza, shati mkononi.

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Sijui. Sijaisoma."

"Hujaisoma, au hutaki kuisoma?"

"Siruhusiwi kuisoma. Nikiisoma nitaanza kuitafutia makosa, na mtu akitafuta makosa hakosi."

Mume akakunja shati. "Friji ikiletwa, na aliyeiharibu ni mimi mwenyewe mwaka jana, siwezi kumwambia mwenye friji aipeleke kwa fundi mwingine. Nitakufa njaa."

"Ndiyo maana hawakukupa jarida," alisema, na wote wakacheka. Lakini mke aliacha kucheka mapema.

Majibu ya wahakiki yalirudi kwa Nukta, yote mawili mazuri. Mmoja aliomba jedwali moja lielezwe upya. Mwingine alisema ichapwe bila kuchelewa. Nukta angeipeleka mtamboni, ila utaratibu wa taasisi ulitaka orodha ya kila toleo ipite kwa mkurugenzi ili aisaini. Kwa miaka yote mkurugenzi alikuwa akisaini bila kusoma. Safari hii alisoma.

Mkurugenzi na Mama Kijani walianza kazi pamoja, wakigawana meza moja na kiti kimoja kilichovunjika mgongo. Mkurugenzi ndiye aliyeupeleka ule utafiti wa kijani wizarani, akausemea kwenye vikao, na ngazi alizopanda baadaye alizipanda akiwa ameushika mkononi. Alimwita Nukta ofisini, akafunga mlango.

"Hii makala ilale kwanza," alimwambia.

"Wahakiki wameipitisha, mkurugenzi."

"Sijasema ikataliwe. Nimesema ilale. Mwandishi akichoka kusubiri ataipeleka kwingine, na sisi tutakuwa hatujamkosea mtu. Unataka kumvua nguo mama yako hadharani?"

Mkataba wa Nukta ulikuwa unakaribia kuisha, na anayeusaini ni huyo huyo. Hakuambiwa hilo, hakukuwa na haja ya kuambiwa. Alirudi mezani, akaitoa makala kwenye orodha.

Toleo likatoka bila makala ile. Likafuata jingine. Mkufunzi akaandika kwa adabu kuuliza makala yake imefikia wapi, na swali lake likaingia kwenye sanduku la barua la jarida, ambalo Mama Kijani hulifungua kila asubuhi. Alikaa nalo kidogo. Kujitoa kwenye makala ni kujitoa kweli. Mtu hajitoi kwa mlango akarudi kwa dirisha. Lakini kuuliza kama mwandishi amejibiwa, akaona, si kuamua makala. Ni kazi yake.

"Yule mwandishi wa makabati ameuliza," alisema bila kuinua kichwa. "Mjibu."

"Bado nawasubiri wahakiki, mama," Nukta alisema.

Alimwamini. Hakuwa na sababu ya kutomwamini.

Mkufunzi aliandika tena, na safari hii adabu ilikuwa imepungua chumvi. Aliuliza kama jarida lina kawaida ya kukaa na makala zinazompinga mhariri wake. Mama Kijani alisoma sentensi hiyo kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho, katika chumba ambacho hakikuwa na mtu mwingine ila Nukta.

Nukta akavua miwani. "Mama, majibu yalikuja zamani. Mazuri yote."

"Iko wapi?"

"Ninayo. Mkurugenzi alisema ilale." Akatazama dirishani. "Tulikuwa tunakulinda."

Nukta alitarajia kufokewa. Mama Kijani hakufoka. Aliuliza tu: "Nilikuomba?" Kisha akachukua pochi yake, akatoka.

Mkurugenzi alimkaribisha kwa uchangamfu, akamvutia kiti. Alipoona hakai, naye akasimama.

"Dada, sikiliza. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hili ni jarida letu. Kuna majarida mangapi? Huyo mama apeleke huko, aandike anachotaka. Sisi tujitie kidole jichoni kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ameleta kwetu, na wahakiki wetu wamesema inafaa."

"Wewe unajua shule ngapi zimepakwa rangi ile? Unajua watatucheka vipi?"

"Watanicheka mimi. Jina lililo pale ni langu."

"Na mimi?" alisema mkurugenzi, na sauti ikampanda kidogo. "Mimi nilisimama wapi miaka yote hii?"

Mama Kijani alimwambia ataitisha bodi ya wahariri. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetaja saa ya chakula, akaondoka.

Bodi ilikuwa ya wajumbe watano, wahadhiri kutoka vyuo mbalimbali, wanaokutana kwa nadra na kulalamikia chai ya taasisi kila wanapokutana. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu mstaafu wa takwimu, mwanamke aliyeongea taratibu na asiyependa kukatizwa. Walikaa katika chumba cha mikutano. Mama Kijani alieleza jambo zima: makala iliyokuja, kujitoa kwake, kulazwa kwa makala. Hakumtetea Nukta wala hakumshtaki. Kisha akasimama.

"Linalobaki ni lenu. Mimi niko nje."

Alipofika mlangoni aligeuka. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mjumbe ila alikuja na kuketi karibu na chupa ya chai, alikuwa bado ameketi.

"Na wewe, kaka," alisema. "Tutoke wote."

"Mimi ni mkurugenzi wa taasisi hii."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Mkurugenzi, tukuombe. Chai tutakuletea."

Mjumbe mmoja alikohoa, labda kwa kuficha kicheko. Mkurugenzi akainuka.

Kwenye korido kulikuwa na benchi moja, lile ambalo wanafunzi hukalia wakisubiri alama zao. Wakakaa hapo, yeye huku na mwenzake kule. Wanafunzi waliopita waliwaamkia, wakaenda mbele kidogo, wakageuka kutazama tena. Sauti za ndani zilisikika lakini maneno hayakushikika.

Aliyeanza kuzungumza alikuwa mkurugenzi.

"Umeisoma?"

"Muhtasari tu."

"Mimi nimeisoma yote. Nimeisoma mara nyingi." Alipangusa goti la suruali ambalo halikuwa na vumbi. "Ni nzuri. Nilitafuta pa kuishika, sikupata."

Mama Kijani aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mumewe.

"Mimi niliomba iwe mbaya. Kila siku nikiamka naomba wahakiki waikatae. Nukta aliponiambia kuwa bado wanasubiriwa, nilifurahi. Nikajiambia, wakichelewa hivi, labda wameona kasoro."

"Sasa kwa nini unanipigia kelele mimi?"

"Kuomba naruhusiwa," alisema. "Kuificha hatuna ruhusa, wewe wala mimi."

Mlango ulifunguliwa kabla hajajibiwa. Bodi ilikuwa imekubaliana makala ichapwe katika toleo linalofuata, na mwandishi aombwe radhi kwa ucheleweshaji. Mama Kijani alipewa nafasi ya kuandika jibu, kama ambavyo angepewa mtafiti yeyote aliyepingwa, na jibu lake litapita kwa wahakiki kama makala ya mtu yeyote. Jambo la mwisho, orodha za matoleo hazitapita tena kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alisikiliza akiwa amesimama, akashukuru, akaenda zake. Chai yake ilikuja akiwa ameshaondoka.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo, lakini bado. Makala ilipochapwa, Mama Kijani aliisoma kwa mara ya kwanza, amesimama, penseli mkononi. Aliandika jibu refu. Alieleza ukubwa wa utafiti wake, uangalifu wake, miaka yake. Nukta, kwa amri ya bodi, akalipeleka kwa wahakiki wawili. Likarudi. Mhakiki mmoja aliandika kwamba mwandishi wa jibu hili anatetea jina lake na hajajibu swali moja: makabati yalikuwa wapi?

Jibu lilikataliwa, katika jarida lake mwenyewe, na aliyemkabidhi barua ya kukataliwa alikuwa Nukta. Mama Kijani alikasirika kweli. Kwa siku kadhaa hakuzungumza naye ila kwa mambo ya lazima, "lete," "weka," "funga dirisha." Nyumbani alisema wahakiki wa siku hizi hawana heshima. Mumewe akamuuliza, taratibu, akiwa amempa mgongo: "Lakini kwani yalikuwa wapi?"

Hakuwahi kuuliza.

Ijumaa hiyo alikwenda katika mojawapo ya shule zake za mwanzo. Mwalimu mkuu wa sasa alikuwa mwalimu wa kawaida enzi za utafiti, na alimpokea kama mtu anayempokea mkwe, akamzungusha kila darasa. Kuta bado zilikuwa za kijani, kwingine zimechubuka. Mama Kijani akauliza habari za makabati.

"Makabati?" Mwalimu mkuu alicheka. "Yale yalikuwa makubwa kama nyumba! Yalikuwa hapa, dirishani. Mafundi wako waliyatoa nje ili wapake. Kumaliza, tukaona darasa limechangamka, mtoto wa nyuma anaona ubao. Tukasema yakae stoo."

"Na mimi mlinieleza?"

"Hukutuuliza, mama. Wewe ulikuja kutazama rangi."

Aliomba apelekwe stoo. Yalikuwepo bado, mawili yamelaliana, yamejaa viti vibovu. Alisimama mbele yake mpaka mwalimu mkuu akaanza kuona haya, akaanza kueleza kuwa wana mpango wa kusafisha.

Jibu la pili lilikuwa aya mbili. Alisema amekwenda, ameuliza, na makabati yaliondolewa katika shule ile. Kwamba hakulipima jambo hilo wakati ule. Na kwamba matokeo ya mkufunzi yanaeleza alama za watoto vizuri kuliko yake. Nukta alitafuta cha kukata, akakosa. Wahakiki walilipitisha.

Vicheko vilikuja, ila si vingi kama mkurugenzi alivyoogopa. Gazeti moja lilichora katuni ya kinyonga aliyekalia kabati. Baadhi ya walimu walikasirika, wengine wakasema wao walijua siku nyingi, kama ilivyo kawaida ya watu baada ya jambo kutokea. Shule hazikufuta rangi, nani angegharamia? Ila hapa na pale makabati yalianza kusogezwa.

Alikutana na mkufunzi uso kwa uso kwenye mkutano wa walimu, katika foleni ya chakula. Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na alipotambua aliyesimama nyuma yake, sahani ilimyumba.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye... ile makala."

"Marahaba. Nakujua."

Mkufunzi akavuta pumzi. "Nilikuandikia vibaya, ile barua ya pili. Kuna mtu amenieleza baadaye yaliyotokea. Nataka kukuuliza kitu, usikasirike. Ulinipendelea? Maana wapo wanaosema ilichapwa kwa sababu uliona aibu kuikataa."

"Sikukupendelea na sikukuonea. Sikuisoma mpaka ilipotoka." Foleni ikasogea, wakasogea nayo. "Jedwali lako la tatu silielewi mpaka leo. Ningekuwa mhakiki wako, ningekurudishia."

Mkufunzi alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Wakakaa meza moja, wakalichambua lile jedwali hadi wahudumu walipokuja kuondoa sahani.

Kipindi cha uhariri cha Mama Kijani kilipomalizika, mkurugenzi hakumwongezea. Hakueleza sababu, naye hakuuliza. Walikuwa bado wakisalimiana vizuri, na msiba wa mama wa mkurugenzi ulipotokea, Mama Kijani alikuwa jikoni kwake tangu alfajiri na kanga kiunoni. Mkataba wa Nukta pia haukusainiwa. Bodi ilipeleka malalamiko, yakachukua muda mrefu, na kabla hayajajibiwa Nukta alikuwa ameshapata kazi kwa mchapishaji wa vitabu vya watoto, ambako, anasema, sentensi zinakuja zikiwa fupi tayari. Wanapigiana simu. Ile habari ya kulala kwa makala aliwahi kumwomba radhi mara moja. Mama Kijani alimjibu kwamba angemsamehe haraka zaidi kama asingesema alikuwa anamlinda.

Jarida lilipewa mhadhiri mwingine, mwanaume makini aliyekuwa na hofu ya kukosea. Wiki zake za kwanza alikuwa anampigia simu Mama Kijani kwa kila jambo: karatasi za aina gani, mhakiki anayechelewa umfanyeje. Alimjibu yote. Siku moja akapiga simu, sauti ikiwa chini.

"Mama, nina makala hapa. Mwandishi ni binamu wa mtu mkubwa, sitamtaja. Wahakiki wamegawanyika. Ingekuwa wewe, ungeipitisha?"

Mama Kijani alikuwa barazani anachambua mchele, sinia mapajani.

"Mtafute mhakiki wa tatu."

"Nitamtafuta. Lakini maoni yako wewe?"

"Mimi si mhariri," alisema. "Na usimwulize mwingine yeyote baada yangu." Akamwuliza watoto hawajambo, akaambiwa hawajambo, akakata simu, akaendelea kutoa mawe.